Bado Ina Moto

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Wala si harufu ya kusema mtu aikumbuke kwa raha: ni ile ya samaki aliyelala, ikichanganyika na plastiki iliyoungua, inayotoka kwenye kapasita iliyovuja. Binti yangu Upendo alikuwa ameifungua printa yetu juu ya meza ya chakula, skrubu zake kazipanga kwenye kisosi cha chai, na mimi nimesimama nyuma yake nalalamika. Nilikuwa na haki ya kulalamika. Mama yangu tumetoka kumzika, kesho yake watu wa jumuiya wanakuja kwa sala, nataka picha yake ikae mezani, na hiyo printa ikachagua wiki hiyo hiyo kufa. Ukibonyeza swichi, taa yake inapepesa mara moja, basi, kimya.

Nitasema ukweli, hasira yangu haikuwa ya printa. Siku ya kumzika mama nililia vibaya mpaka mashemeji wakanikamata mikono pande zote mbili, eti nisianguke, na jeneza likafunikwa kabla sijamfikia. Nilikuwa nataka kumshika tu. Kila mtu aliniambia pole, hakuna aliyeniachia mkono.

"Ona hizi, Mama," Upendo akasema, akinionyesha vikopo vidogo vya bati vilivyosimama kwenye sakiti. "Zimevimba kichwani. Hii imeshavuja kabisa. Nikibadilisha hizi itawaka."

Nikanyoosha kidole. Ndiyo tabia yangu, kila kitu lazima nikiguse.

"Mama! Usiguse. Ile kubwa pale pembeni bado ina moto."

"Si umechomoa waya?"

"Hata kama nimechomoa."

Jamani, nilikaa chini. Nilikaa mpaka mtoto akaniuliza kama presha imepanda. Haikuwa presha. Maneno yale nilishawahi kuyasikia, hivyo hivyo yalivyo, yakitoka kinywani mwa baba yangu, kwenye kambi ya shamba la kahawa huko juu Karatu, nikiwa mtoto wa darasa la pili.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Sabuni ya kuviziwa, sukari ya foleni, na ule unga wa njano uliotufanya tuuchukie ugali. Redio ikiharibika, kipuri hukipati hata Arusha. Baba alikuwa Mnyiramba, mtu wa Singida. Alikuja pale shambani kuchuma kahawa, akaishia kuwa mtu wa jenereta, na kwa kuwa anaijua jenereta, watu wakaamini na redio anazijua. Basi akazijua kweli, kwa kuzifungua. Waya mmoja ulivutwa kutoka karakana mpaka vyumba viwili vya mwanzo vya kambi, ambavyo vilikuwa vyetu, na meza yake ilikaa chini ya dirisha, imejaa redio za watu zilizovuliwa makasha.

Mama alikuwa Mmbulu, yaani Mwiraqw, wa Endabash. Nilimwita Ayo, kama watoto wa kwao wanavyowaita mama zao, na bibi mzaa mama nilimwita Ama. Nyumbani Kiswahili na Kiiraqw vilipikwa chungu kimoja. Baba alikuwa anachekwa na wanawake wa bombani kwa jinsi anavyosalimia Kiiraqw chenye pua ya Kinyiramba, na Ayo alikuwa anacheka kuliko wote, mkono kaziba mdomo.

Kwenye meza ya Baba kulikuwa na redio moja kubwa ya mbao, ya meneja wa shamba, ya zamani, ndani ina taa za vioo. Ilikuwa haitangazi, inaguguma tu. Mngurumo mzito, wa chini, na huko nyuma yake sauti ya mtu mbali sana kama anayeongea ndani ya debe. Baba akanionyesha kikopo kilichovimba, kimelowa kitakoni.

"Umekiona hiki? Hii ndiyo kapasita. Kazi yake kutunza umeme. Ukizidi inapokea, ukipungua inatoa. Sasa ikichoka inavimba. Ikishavimba inavuja. Ikishavuja, ndiyo redio inaguguma hivi."

"Inapona?"

"Haiponi. Hiyo imekufa."

"Sasa utafanya nini?"

"Natoa, naweka nyingine. Nikiipata." Akaupiga mkono wangu uliokuwa unasogea. "We! Usiguse. Bado ina moto."

"Si umezima?"

"Hata nikizima. Kitu hiki kinabaki na moto wake ndani, kinakaa nao kimya. Ukikigusa kwa mkono mtupu kinakurusha. Mtu anaweza kufa."

Ndipo akachukua balbu ya kawaida, ile ya chumbani, aliyokuwa ameiungia nyaya mbili. Waya mmoja akaubana kwenye bati la redio, wa pili akaugusisha kwenye kapasita. Balbu ikawaka, ikafifia, ikazima. Redio haijachomekwa popote, na balbu ikawaka! Niliupenda ule mwanga mpaka nikawa kila jioni namuomba Baba afanye tena. Kazi yangu ilikuwa kutazama na kusema, "Imezima." Na yeye ananijibu, "Ikizima, au isipowaka kabisa, hakuna kitu. Sasa shika." Nami nashika.

Mwaka huo tulikuwa tumepata mtoto. Ayo alimzaa mvua zikinyesha, wakamwita Tluway, maana yake mvua. Kichwa chake kilinuka maziwa na moshi. Alikuwa analala juu ya kifua cha Ayo, na Ayo anafanya kazi zote hivyo hivyo, anapepeta, anasonga, anaimba ule wimbo wa kubembelezea usio na maneno, mmm, mmm, wa chini chini. Nilimwonea wivu, lakini nilimpenda. Halafu akapata homa, akabanwa kifua. Ayo akambeba kwenda zahanati ya shamba, na alipomshusha mgongoni pale mlangoni kwa mganga, mtoto alikuwa ameshakufa. Alimbeba njia nzima hajui.

Ama akafika kutoka Endabash kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Hakulia mbele yetu. Alichofanya ni kukata tawi la miiba na kulilaza kwenye njia inayokuja mlangoni kwetu. Kwa Wairaqw wa zamani, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga inaingia metimani. Inajitenga. Msiba wake usije ukawapata wengine. Hatukwenda tena kuchota maji bombani na wenzetu, Ama aliyafuata mbali kule mtoni chini. Hatukuomba moto kwa jirani, hatukupeana chumvi. Hakuna aliyeingia wala kutoka na kitu, isipokuwa Baba aliyekwenda kwenye jenereta yake na kurudi. Kambi ilikuwa na watu wa kila kabila, Wanyiramba, Wagogo, na wengi wao hayo mambo si yao kabisa, lakini nani anataka kujaribu na mtoto wake? Wote wakalikwepa lile tawi. Wenye redio zao wakaacha kuzifuata.

Baba alijaribu. Nilimsikia akimwambia Ama, kwa heshima kwanza, "Mama, kwetu mtu akifiwa ndiyo watu wanajaa. Wanalala nje. Huyu mnamwacha peke yake hivi, atabaki na nani?"

"Atabaki na mimi," Ama akajibu. "Unataka watoto wa watu wafe?"

Baba akarudi mezani kwake. Alikuwa mgeni kwenye mila ile, na alikuwa ameoa binti yao.

Jioni ya kwanza Ama alisimama mlangoni pa chumba cha ndani, akasema kwa Kiiraqw, kwa sauti ya amri: watoto wasimsogelee, asiguswe. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na kikombe cha uji mkononi. Mimi ni mtoto. Nikaelewa.

Tena nilielewa sana, maana nilikuwa na elimu yangu ya mezani kwa Baba. Siku ile ile nilikuwa nimemwona Ayo amekaa kitandani, kile kitanda chetu cha chuma, na gauni lake limelowa kifuani pande zote mbili. Matiti yalikuwa yamevimba, yamekuwa magumu, na yanavuja. Chumba kizima kilinuka maziwa yaliyochacha. Hakuna aliyeniambia kwamba mwili wa mama aliyefiwa na kichanga hauna habari, unaendelea tu kumtengenezea chakula. Mimi nilijua jambo moja tu kuhusu kitu kilichovimba na kuvuja. Na juu ya hapo alikuwa anaguguma. Ule wimbo wa Tluway, mmm, mmm, mchana kutwa, hausikiki vizuri, unatoka mbali.

Kifo cha Tluway kimebaki ndani yake, nikajiambia. Kimekaa kimya. Mtoto akimgusa kinamrusha. Hata Ama, ambaye haogopi kitu, alimkanda kifua kwa kitambaa kilichokunjwa, sikumwona hata mara moja akitumia mkono mtupu. Baba naye alishika bisibisi zake kwa mpira. Kila kitu kilikubaliana.

Basi Ayo aliponiita, "Njoo, mwanangu, njoo hapa," akaninyooshea mkono, nilibaki mlangoni nimeficha mikono mgongoni. Nilikuwa natamani kwenda. Akaniita tena. Nikatikisa kichwa. Nilipotumwa kumpelekea uji, nilikiweka kikombe sakafuni, nikakisukuma taratibu kwa mwiko mpaka karibu na mguu wake, halafu nikakimbia. Aliutazama ule mwiko. Nilidhani anaona nilivyo mwangalifu.

Baada ya hapo hakuniita tena. Akageukia ukutani. Uji ukawa unarudi umeganda, ugali unarudi na alama moja ya kidole. Nikawa naamka na kutega sikio kama bado anaguguma, maana nilijua redio ikiacha hata kuguguma, ndiyo basi tena. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo tena, na nimepita mengi.

Ndipo nikawasikia Ama na Baba wanaongea nje, kwenye jiwe la kufulia.

"Anatuponyoka," Ama alisema. "Nampeleka Endabash. Kesho asubuhi lori la kahawa linashuka, litatuacha njiapanda."

"Na mtoto?"

"Mtoto abaki na wewe. Mtoto mwenyewe hamkaribii, umeona? Hata yeye amejua."

Baba akauliza, "Atarudi lini?"

"Akirudi, amerudi," Ama akasema.

Nilielewa kwamba Ayo anakwenda kuwekwa mahali mpaka afe, kama vile Baba anavyozitupa kapasita mbovu kwenye kopo la rangi chini ya meza. Na nikaelewa kitu kingine, ambacho kilinishangaza kwamba watu wazima wote wawili hawajakifikiria. Hakuna aliyemtoa moto. Wanataka tu kumpakia kwenye lori akiwa hivyo hivyo!

Mchana ule Baba alikuwa kwenye jenereta, Ama kashuka mtoni na ndoo. Nilichukua balbu yenye nyaya mbili, nikaingia chumba cha ndani. Ayo alikuwa amelala ameelekea ukutani, mkono mmoja umening'inia nyuma yake. Nikapiga magoti. Waya mmoja nikaufunga kwenye mguu wa kitanda, nikakwangua kutu kwanza kwa msumari, kama Baba anavyofanya. Wa pili nikaushika kwenye mpira wake, nikaugusisha kwenye kiganja cha mama yangu.

Balbu haikuwaka.

Nikakwangua zaidi. Nikagusisha tena, kwa nguvu.

"Unafanya nini?" Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Alikuwa amegeuza shingo ananitazama.

"Natoa moto."

"Moto gani?"

"Ule uliobaki. Wa Tluway." Nilianza kulia, lakini sikuuachia waya. "Ukitoka nitaweza kukushika. Ama amesema usiguswe. Na wanakupeleka Endabash kesho."

Alinyanyuka taratibu, akaegemea kiwiko. Alitazama balbu, akatazama waya ulivyofungwa kwenye mguu wa kitanda, akanitazama mimi.

"Ndiyo maana hukunishika?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sio kwamba unanichukia. Kwa kuwa mdogo wako alifia mgongoni kwangu."

Nilishangaa. Wazo hilo halikuwahi kunipitia. Nikamwambia hapana, ningekufa, na nikifa mimi Baba atabaki na nani?

Ayo alifumba macho. Halafu akauliza, pole pole, kama anayemuuliza fundi, "Sasa hiyo balbu imewaka?"

"Haijawaka."

"Isipowaka maana yake nini?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nalisema kila jioni. Lakini lilikataa kutoka, kwa sababu niliona kwa macho yangu kwamba haliwezi kuwa kweli, mtu aliye vile hawezi kuwa hana kitu ndani. "Maana yake hakuna kitu," nikasema mwishowe. "Mtu anaweza kushika."

"Basi shika."

Nikanyoosha kidole kimoja, nikamgusa, nikarudisha haraka. Hakikutokea kitu. Nikaweka kiganja kizima. Alikuwa anachemka kwa homa. Akakifunga kiganja changu ndani ya chake, akanivuta juu ya kitanda, juu ya lile gauni lililolowa, na akalia. Tangu mtoto afe nilikuwa sijamsikia akilia, sasa alilia kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika nje, analitaja jina la Tluway, ananitaja mimi, anachanganya. Maziwa yake yalinilowesha shavu. Sikujali tena kama nitarushwa.

Hivyo ndivyo Ama alivyotukuta. Alisimama mlangoni na ndoo yake kichwani, maji yanamwagika begani. Nilijua leo nachapwa. Ayo akamweleza kwa Kiiraqw, maneno machache, huku hajaniachia. Ama akaishusha ndoo. Aliitazama ile balbu kwa muda.

"Nilisema watoto wa watu," akaniambia. "Wewe ni mtoto wa watu?"

Halafu yule mwanamke mgumu akakaa sakafuni pale pale mlangoni, akajifunika uso kwa shuka lake, na mabega yakawa yanatikisika.

Asubuhi lori liliondoka na magunia ya kahawa peke yake. Sitaki kuwadanganya kwamba Ayo alipona siku ile, haikuwa hivyo. Alikunywa uji, akautapika, akanywa mwingine. Ama aliendelea na metimani yake mpaka mwisho, tawi halikuondolewa, bombani hatukwenda. Tofauti ilikuwa kwamba mimi nililala kitanda cha chuma. Ayo hakuzaa tena, na kile kicheko cha mkono mdomoni sikukisikia tena miaka mingi. Baba aliikuta balbu yake imefungwa kwenye mguu wa kitanda, akauliza, akaambiwa. Hakuifungua. Ilikaa pale mpaka yeye akatengeneza nyingine. Redio ya meneja ilipona baadaye kwa kapasita ya kung'oa kwenye redio nyingine, na siku ilipotangaza vizuri hakuna aliyeshangilia.

Simlaumu Ama. Alikuwa analinda watoto wa kambi nzima kwa njia aliyoijua. Na mimi nilikuwa mtoto, nilijilinda kwa njia niliyoijua. Kinachonichoma ni ule mwiko. Ayo alikaa na kikombe kinachosukumwa kwa mwiko na mwanawe wa kumzaa, akaamini kwamba hata huyu aliyebaki amemkataa, na alinyamaza. Tangu hapo, mpaka uzeeni, hakuwahi kunipa kitu kwa kukiweka mezani. Ufunguo, chumvi, chenji ya sokoni, alikuja nacho, akakiweka mkononi mwangu, na kuushikilia mkono kidogo kabla ya kuuachia. Mume wangu aliuliza siku moja mama yako anatafuta nini kwenye kiganja chako. Nilijua anachotafuta.

"Mama, unaendelea vizuri?" Upendo alikuwa ameshika bisibisi juu ya ile kapasita kubwa.

"Usiitoe moto kwa bisibisi, utaunguza," nikamwambia. "Tafuta balbu. Unga nyaya mbili."

Alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona, lakini alifanya. Balbu ikawaka, ikafifia, ikazima. "Imezima," nikasema. Akayeyusha risasi ya kulehemu, akang'oa zilizovimba, akaweka mpya. Printa ikanguruma, ikanyamaza, ikaanza kuvuta karatasi.

Mama yangu alianza kutoka kwa kichwa: kilemba, paji la uso, yale macho. Kisha mabega. Mwisho kabisa mikono yake, ameikunja mapajani, mishipa imesimama, wino unameremeta.

"Usiguse kwanza, Mama," Upendo akasema, "bado mbichi."

Nikamshika mama mkono.